Kwa nini umbo la pikipiki halibadiliki, na mjini tutaendesha nini kesho?

#1 Msafiri wa Alfajiri
Wakuu, habari zenu. Nimeendesha pikipiki miaka 19. Mwaka jana goti la kushoto likagoma. Daktari hajanikataza kuendesha, tatizo ni kusimama. Kila taa nyekundu, kila foleni, mguu lazima ushuke ubebe kilo mia mbili zinazotaka kuegemea upande. Chombo kikiwa kwenye mwendo mimi mzima kabisa. Kikisimama tu, naumwa.

Ndipo nikaanza kujiuliza. Hildebrand & Wolfmüller walianza kuuza pikipiki mwaka 1894. Tangu hapo ni yale yale: magurudumu mawili yanayofuatana, injini katikati, foki mbele (zile bomba mbili zinazoshika gurudumu), mtu juu kama kapanda farasi. Na si kwamba watu hawakujaribu. Zimetengenezwa zenye paa, zenye magurudumu matatu yanayolala kona, zenye jairoskopu (gurudumu zito linalozunguka kwa kasi ili chombo kisianguke), zenye kiti cha kuegemea kama cha gari. Nyingi zimekufa.

Dai langu: umbo hili limebaki kwa mazoea, si kwa ubora. Mtengenezaji anamwogopa mnunuzi, mnunuzi anaogopa kutazamwa vibaya barabarani. Nipingeni kwa hoja.

#2 Kona Kali
Pole na goti mkuu, ila hoja yako naikataa mapema. Umbo limebaki kwa sababu kila ukiligusa unapoteza kitu. Ongeza gurudumu, umeongeza uzito. Weka paa, umetweka tanga. Weka jairoskopu, umeweka mashine ya pili ya kuishikilia ile ya kwanza. Pikipiki unaiongoza kwa mwili mzima: ukitaka kwenda kulia ukiwa kwenye kasi, unasukuma usukani wa kulia mbele kidogo, chombo kinalala chenyewe. Kitu kama hicho hukivurugi kwa sababu mtu anataka afike mkavu.

#3 Kimyakimya
Nimekaa hapa, ngoja waje wajuzi.

#4 Daftari la Zamani
Kona Kali, maneno yako yangekuwa kweli kama mashindano yangekuwa ya haki. Hayakuwa. Anza na baiskeli: mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alivunja rekodi ya saa moja akiwa kwenye baiskeli ya kulalia ya Mochet, akapita kilomita 45. Mwaka uliofuata UCI, chama cha dunia cha mbio za baiskeli, ikaamua kwamba chombo cha namna ile si baiskeli ya mashindano. Umbo lililoshinda likafungiwa nje.

Kwa pikipiki ni hivyo hivyo. Miaka ya 1950 za mbio zilikuwa na ganda linalofunika gurudumu lote la mbele, na zilikuwa na kasi ya kutisha. Mwisho wa 1957 FIM, shirikisho la dunia la mbio za pikipiki, ikalipiga marufuku. Tangu hapo wahandisi wakubwa wanachora kinachoruhusiwa kwenye mbio, na mnunuzi anataka kinachofanana na kilichoshinda Jumapili.

Na wewe mleta mada, kuna jambo litakalokugusa. Ile ya Daimler ya mwaka 1885, ambayo wengi huihesabu kuwa pikipiki ya kwanza yenye injini ya petroli, ilikuwa na vigurudumu viwili vidogo pembeni ili isianguke. Tulianza na dawa ya goti lako, tukaitupa.

#5 Kona Kali
Lile ganda la mbele lilikataliwa kwa sababu upepo wa ubavuni ulikuwa unawapeperusha wapanda pikipiki, mzee wangu. Usilifanye kuwa njama.

#6 Daftari la Zamani
Upepo ulikuwepo, sikatai. Lakini dawa ya hatari ile ingeweza kuwa kuboresha ganda, si kulizika.

#7 Fundi Spoku
Mnabishana mambo ya mbio, mimi naongea ya gereji. Chukueni usukani wa katikati ya gurudumu, yaani hakuna foki kabisa, gurudumu la mbele linashikwa na mkono wa chuma na linageukia ndani ya kitovu chake. Bimota Tesi ndiyo maarufu, imeanza kuuzwa karibu na 1990. Yamaha nao walitoa GTS1000 mwaka 1993 yenye mkono mmoja mbele. Wazo ni zuri: ukipiga breki pua haizami, kwa sababu nguvu ya breki haipitii kwenye springi.

Kuna mteja aliniletea moja ya ukoo huo, chapa siitaji. Usukani unacheza. Kwenye foki ya kawaida, kati ya kiganja chako na tairi kuna beringi mbili za shingo, basi. Kwenye ile, usukani unasukuma fimbo, fimbo inasukuma kiungo, kiungo kinasukuma fimbo nyingine, ndipo unafika kwenye kitovu. Kila kiungo kikilika kidogo sana, ukijumlisha vyote, unapata usukani unaotikisika kama jino bovu. Nilivibadilisha vyote. Nikaijaribu: breki ikawa tamu ajabu, lakini mkononi nilihisi kama nashikana mkono na mtu aliyevaa glavu nene. Tairi lilikuwa linasema kitu na mimi sikisikii.

Kwa hiyo sababu yangu ni hii: foki inaweza kurekebishwa na fundi yeyote mwenye spana na mafuta. Nyingine zinahitaji mtu aliyeisomea.

#8 Daftari la Zamani
Fundi nakuheshimu, ila ongeza na hili. BMW waliweka Telelever kwenye R1100RS mwaka 1993: kwa nje unaona bomba mbili kama foki, lakini springi iko kwingine. Mwaka 2004 K1200S ikaja na Duolever, mfumo mwingine wa kushika gurudumu la mbele, kwa wazo la mhandisi Norman Hossack. Honda Gold Wing ya 2018 nayo ikaacha foki. Hizo zimeuzwa na watu wanazipenda. Mabadiliko yalipita pale yalipovaa nguo za zamani. Hilo linamuunga mkono mleta mada.

#9 Fundi Spoku
Pia linaniunga mkono mimi. Zote ni pikipiki kubwa za watu wenye gereji maalumu. Tunazungumzia usafiri wa mjini au wa kutalii?

#10 Bi Tufani
Jamani nirudi mjini basi. Niliendesha skuta yenye paa kwa misimu miwili ya mvua, chapa na mimi siitaji. Nawaambia ukweli: paa linakukinga na mvua ya juu, lakini mvua ya mjini haitoki juu. Inatoka kwenye tairi la lori lililo mbele yako. Maji yalikuwa yananikusanyikia magotini, halafu yanashuka ndani ya viatu taratibu. Kichwa kikavu, miguu bwawani.

Darajani ndiyo kulikuwa na kazi. Upepo wa ubavuni ukipiga, chombo kinasogea nusu ya njia kabla hujafikiri. Nilijifunza kutazama majani ya miti iliyo kabla ya daraja; yakiwa yanageuka upande mweupe, nazunguka njia nyingine.

Hata hivyo niliipenda. Nilifika kazini na nguo nilizotoka nazo nyumbani, sikuvaa koti la mpira hata siku moja. Hapo Kona Kali ananikosea anaposema "afike mkavu" kana kwamba ni jambo dogo. Kwa anayekwenda kazini kila siku, kufika msafi ndiyo safari yenyewe.

#11 Daftari la Zamani
Dada Tufani umenikumbusha BMW C1. Ilitoka mwaka 2000, ikaacha kutengenezwa 2002. Ilikuwa na paa, fremu ya kukinga mtu ikianguka, na mikanda ya kiti. Wazo lote lilikuwa: ukifunga mkanda, huhitaji helmeti. Ujerumani wakakubali. Uingereza wakakataa, kwa hiyo pale mtu alikuwa anafunga mkanda na kuvaa helmeti pia. Chombo kile kile, nchi mbili, maana mbili. Mhandisi anaweza kufanya kazi yake yote vizuri akashindwa na mstari mmoja wa sheria.

#12 Mwana Fizikia
Naongeza sababu ya nne, maana tayari kuna mazoea, mbio, na gereji; sheria naihesabu pamoja na gereji.

Chombo chembamba na kirefu kwenda juu kina njia mbili tu za kupita kona: kilale au kipinduke. Gari hupona kwa upana wake. Ukitaka kitu chembamba cha kupenya foleni, chenye mtu aliyekaa juu ili aone na aonekane, lazima kilale. Na kinacholala hakiwezi kusimama chenyewe, isipokuwa ukiongeza kitu: mguu wa mtu, gurudumu la pembeni, kufuli, au jairoskopu. Kila ubunifu tunaoutaja hapa unajibu swali hilo moja. Mguu wa mtu ndio jibu jepesi kuliko yote, ndiyo maana umedumu.

#13 Msafiri wa Alfajiri
Mwana Fizikia, jibu jepesi kwa mwenye mguu.

#14 Mwana Fizikia
Kweli. Nisamehe mkuu, hapo niliandika nikiwa nimekusahau.

#15 Chaji Kamili
Wakuu, jibu limeshapatikana, ni umeme. Honda walionyesha Riding Assist mwaka 2017, pikipiki inayosimama yenyewe kwa jairoskopu, inamfuata mtu kama mbwa wa nyumbani. Miaka michache ijayo mleta mada hataweka mguu chini.

#16 Mwana Fizikia
Sahihisho dogo: Riding Assist haina jairoskopu kubwa ya kuibeba. Inasogeza gurudumu la mbele lielekee mbele zaidi, halafu kompyuta inageuza usukani kidogo kidogo, kushoto kulia, kama mtu hodari wa baiskeli anayesimama taa nyekundu bila kushusha mguu. Ndiyo uzuri wake, haiongezi uzito mwingi. Ya jairoskopu ni Lit Motors C-1 ya Marekani, yenye jairoskopu mbili chini ya sakafu. Iliahidiwa kwa miaka mingi, sokoni haikufika.

#17 Daftari la Zamani
Mkiniruhusu kidogo. Mwaka 1914 Mrusi Pyotr Shilovsky alionyesha jijini London gari la magurudumu mawili lililojengwa na kampuni ya Wolseley, limesimama kwa jairoskopu. Watu walipanda na kushuka, halikuanguka. Vita vikaja, wakalifukia ardhini. Lilifukuliwa mwaka 1938, likasafishwa, na miaka kumi baadaye likavunjwa kuwa chuma chakavu. Kila nikisoma habari hiyo naumia. Mwaka 1967 Wamarekani wakarudia na Gyro-X, nayo haikwenda popote, ingawa imefufuliwa na iko kwenye jumba la makumbusho la Lane. Miaka mia na zaidi wazo hili linafanya kazi kwenye maonyesho na kufa kabla ya duka.

#18 Fundi Spoku
Linakufa kwa sababu moja: siku umeme wa jairoskopu ukikatika ukiwa kwenye foleni, unalala ubavu na wewe ndani umefungiwa.

#19 Mwana Fizikia
Si ghafla hivyo, fundi. Gurudumu zito linalozunguka lina akiba ya mwendo, linachukua muda kusimama. Mhandisi anaweza kushusha miguu ya msaada kabla. Uzito na gharama ndiyo hoja ya kweli.

#20 Kona Kali
Haya, na hizo za magurudumu matatu? Upana wake ni wa gari, foleni hupenyi. Umeua faida yote ya pikipiki.

#21 Mama Wawili
Kona Kali, umewahi kuikalia? Mimi naendesha ya magurudumu mawili mbele moja nyuma, inayolala kona. Sehemu pana kuliko zote ni usukani na vioo, sawa na skuta nyingine yoyote. Magurudumu ya mbele yamekaribiana, yako ndani ya upana wa usukani. Panapopita usukani, napita.

Sababu ya kukinunua niliiona asubuhi moja ya mvua. Nilikuwa nakata kona, gurudumu la kulia likapanda juu ya mfuniko wa chuma wa mtaro. Nililihisi likiteleza, kama sabuni chini ya kiganja. La kushoto lilikuwa kwenye lami, likashika. Chombo kikajitikisa mara moja, kikaendelea. Mtoto nyuma aliuliza, "Mama nini hicho?" nikamwambia ni mfuniko. Kwa magurudumu mawili tungekuwa chini.

Msafiri, hii ndiyo habari yako: ina kufuli. Mwendo ukipungua karibu na kusimama unabonyeza kitufe, mikono ya mbele inafungwa, chombo kinabaki wima na miguu yako iko juu ya ubao. Lakini sikia vizuri: kinafungwa kwenye pembe kilipo. Ukibonyeza kimeinama, kinabaki kimeinama, na utakitafuta kwa mguu uleule mbovu. Jifunze kukinyoosha kwanza ndipo ufunge.

#22 Msafiri wa Alfajiri
Dada, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo wa uzi. Asante sana.

#23 Daftari la Zamani
Mama Wawili kamaliza. Hiyo familia ilianza kupata umaarufu na Piaggio MP3 mwaka 2006, ikafuatiwa na wengine, hadi Yamaha wakatoa Niken mwaka 2018 yenye injini ya cc 847 kwa watu wa aina ya Kona Kali. Wazo la kulala kwa magurudumu matatu ni la Honda lakini, Stream ya 1981.

#24 Mzee Kabureta
Hapana Daftari, leo umeteleza. Kabla ya Honda kulikuwa na Ariel 3 ya BSA, mwaka 1970, cc 49, gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Ilifeli vibaya. Honda walichukua wazo kwa leseni ya mwenye hataza yake, wakatengeneza Stream, halafu Gyro ya 1982 ya kubebea mizigo, na hiyo ikafanikiwa.

#25 Daftari la Zamani
Umenikamata mzee, ni kweli. Naachia.

#26 Kona Kali
Siku ya kuandikwa kwenye kalenda: Daftari kasahihishwa.

#27 Chaji Kamili
Turudi kwenye umeme. Injini ndiyo iliyotufunga kwenye umbo la farasi, maana lazima ikae katikati na mtu akae juu yake. Betri unaiweka popote. BMW CE 04 imeilaza chini ya sakafu, uzito uko chini kabisa. Gogoro kule Taiwan tangu 2015 wanabadilisha betri kwenye vituo, unachomoa iliyokwisha unachomeka iliyojaa. Verge ya Finland mota iko ndani ya rimu ya nyuma na kitovu ni tundu tupu, unaona upande wa pili. Nani alikuwa anaweza hayo kwa petroli?

#28 Mzee Kabureta
Megola wa Munich, kijana, mwaka 1921. Injini ya silinda tano ndani ya gurudumu la nyuma, inazunguka pamoja nalo.

#29 Daftari la Zamani
La mbele, mzee. Ilikuwa kwenye gurudumu la mbele. Hakuna klachi, hakuna giaboksi. Ukifika mahali pa kusimama, ama unazima injini ama unazunguka mduara mpaka njia ifunguke.

#30 Mzee Kabureta
Tumelipana.

#31 Fundi Spoku
Mota ndani ya gurudumu ninayo moja gerejini wiki hii. Uzito ukiwa kwenye gurudumu, springi haiubebi. Kila shimo linapiga rimu kwa nyundo nzito. Nimekaza spoku zote mara mbili tangu mwezi uanze. Na kubadilisha tairi la nyuma si kazi ya dakika kumi, kuna waya mnene unaopita kwenye ekseli, ukiupinda vibaya umeua mota. Umeme naupenda, ila mota nipeni kwenye fremu na mkanda wa kusukuma gurudumu.

#32 Bi Tufani
Mnasahau mtu mmoja: anayegawana barabara nasi akiwa ndani ya gari. Mwaka 2011 kulikuwa na utafiti Ubelgiji, wa Transport & Mobility Leuven. Walikokotoa kwamba asilimia 10 ya magari binafsi yakigeuka pikipiki, muda unaopotea kwenye foleni unapungua kwa asilimia 40. Kumi tu! Hatuhitaji umbo la ajabu, tunahitaji watu wachache wakubali kushuka kwenye gari. Na hao hawatashuka kwa ajili ya pikipiki ya Kona Kali. Wanataka kisichoanguka, kisicholowesha na kisichowatisha.

#33 Mwana Fizikia
Na leseni. Ufaransa, magurudumu ya mbele yakiachana angalau milimita 460, mwenye leseni ya gari anaruhusiwa. Piaggio wakayatanua yakafika 465. Milimita hizo chache zilileta wanunuzi wengi kuliko fizikia yote niliyoandika hapa.

#34 Kona Kali
Bi Tufani, watu hao wapo na nawaheshimu. Lakini basi si pikipiki tena. Renault Twizy ya 2012 ilikuwa hivyo: magurudumu manne, paa, watu wawili, mmoja nyuma ya mwenzake. Ikaingia foleni ikakaa kama gari, kwa sababu upana wake unazidi mita moja.

#35 Mama Wawili
Pikipiki au si pikipiki, mtoto anataka kufika shule. Na mkitafuta umbo la ajabu lililoshinda, ni Super Cub ya Honda ya 1958. Kwa siku zake ilikuwa kituko: unapitisha mguu katikati badala ya kurusha juu, kinga ya miguu ya plastiki, klachi isiyotaka mkono. Mwaka 2017 zilifika milioni 100. Hawakumshangaza mhandisi, walimtazama mtu aliyevaa sketi na anayebeba mzigo.

#36 Kimyakimya
Nimesoma mpaka hapa na sijui niamini nani. Naendelea kusoma.

#37 Msafiri wa Alfajiri
Wakuu, mrejesho. Jumamosi nimejaribu moja ya magurudumu matatu, ya mtu anayeiuza. Taa ya kwanza mguu wa kushoto ulishuka wenyewe kwa mazoea, nikajikuta nimesimama kwenye kitu ambacho hakinihitaji. Taa ya pili nikafunga kimeinama kidogo, kama Mama Wawili alivyosema, nikakaa nimepinda mpaka kijani. Ya tatu nikakinyoosha, nikabonyeza, nikaacha miguu yote miwili juu ya ubao. Gari la pembeni lilikuwa na mtoto dirishani, ananitazama miguu. Sikuumwa popote.

Mazuri hayo. Baya: kukirudisha nyuma kutoka kwenye maegesho yenye mteremko ni kazi, kizito, na goti linajua. Kona Kali una haki kwenye uzito. Kwenye kona hukosi kitu, kinalala kweli.

#38 Kona Kali
Ukikichukua nitakuja tuendeshe pamoja, wewe tangulia. Nataka niyaone hayo magurudumu ya mbele yakilala kwa macho yangu.

#39 Fundi Spoku
Kabla hujalipa: kifunge, shika usukani, kitikise kushoto kulia ukisikiliza mikono ya mbele. Halafu lala chini na tochi uangalie mipira inayofunika viungo, mmoja mmoja. Ukiona grisi imetoka nje, kiungo hicho kimeshaingia maji.

#40 Msafiri wa Alfajiri
Nimerudi kwake jioni hii na tochi. Mpira wa chini kulia umepasuka, grisi imekauka. Kiungo chake kinapatikana kivyake, au lazima mkono mzima?